Kabla Hujalipia Kombaini Kuukuu, Ingia Tumboni Mwake

Ukienda kuangalia kombaini ya mtu, fika mapema kuliko saa mliyopatana, na baada ya salamu weka kiganja ubavuni mwa injini. Ikiwa baridi, endelea na ukaguzi. Ikiwa ina joto, kuna mtu ameiwasha kabla hujafika, na inabidi ujue kwa nini.

Nimelijua hili kwa kulilipia. Mimi na kaka yangu tulinunua kombaini yetu ya kwanza kwa mtu aliyetupokea kwa chai na maandazi, mashine ikiwa tayari inanguruma uwanjani. Alisema ameiwasha mapema ili asitucheleweshe. Tukaizunguka, tukapanda ngazi, tukakaa kitini kwa zamu, tukalipa. Wiki iliyofuata ilikuwa kwetu Hanang, mwezi wa saba, baridi ya alfajiri imeshaingia hadi kwenye chuma. Starta ilizunguka mpaka betri ikalala, injini haikushika. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, mgandamizo haukutosha kuwasha mafuta ikiwa baridi. Kule kwa muuzaji waliizoea. Walikuwa wakiivuta kwa trekta kila asubuhi hadi iwake, kisha hawaizimi mpaka jioni. Ngano yetu ilikuwa imekwisha kukauka. Siku 11 za mavuno zilipita tukifungua injini chini ya turubai, ndege wakila, na mvua isiyo ya msimu ikaja siku ya tisa.

Nawaandikia wenzangu wa Basotu, Karatu, Monduli na Siha, na ndugu zetu wa Narok na Uasin Gishu ng'ambo ya mpaka, hasa mnaochanga fedha kama kikundi ili mwachane na kusubiri kombaini ya kukodi inayofika nafaka imeanza kupukutika. Mnatazama Claas, New Holland, Massey Ferguson au John Deere ya miaka ya 1980 au 1990, mara nyingi iliyokwisha kutumika Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Siwakatazi. Mashine ya umri huo ina waya chache, mara nyingi haina kompyuta ya kugoma, na fundi mwenye spana na subira anaweza kuimaliza yote. Ninachoomba ni mbadilishe mahali mnapoelekeza macho.

Wengi wetu tunakagua kombaini kama tunavyokagua gari: injini, tairi, rangi. Lakini injini za kombaini nyingi za zamani ni Perkins, Ford, Mercedes-Benz na za namna hiyo, ndugu wa zile zilizomo kwenye matrekta na malori yanayopita barabarani kila siku. Ikiharibika inauma, lakini fundi yupo na vipuri vipo. Tumbo la mashine ndilo lisilo na huruma. Humo ndimo kazi tatu hufanyika kwa mpigo mmoja: kupura, kutenga nafaka na mabua, na kupepeta. Kila kazi ina vyuma vyake vinavyolika kimyakimya, na vingi havipo kwenye duka la mjini. Bei ya kombaini kuukuu mimi huipima kwa tumbo lake.

Kabla ya kuingia humo, neno moja kuhusu mita ya saa. Usiitegemee. Ya zamani mara nyingi imekatika waya au imebadilishwa, na hata ikiwa nzima inahesabu saa za injini, pamoja na zile za kutembea barabarani bila kuvuna kitu. Mashine chache zina mita ya pili inayohesabu saa za dramu pekee. Ukiikuta, hiyo ndiyo ya kusoma. Vinginevyo soma uchakavu wenyewe: pedali ya klachi iliyong'aa na kulika upande mmoja, ngazi iliyopoteza meno yake, matundu ya pini yaliyokuwa duara na sasa yana umbo la yai. Mita inayoonyesha saa 1,200 juu ya pedali iliyolika namna hiyo haisemi kweli.

Sasa vaa nguo za kazi. Chukua tochi, rula ya chuma ya nusu mita, bisibisi ndefu, kitambaa, daftari na kalamu. Ufunguo wa mashine uwe mfukoni mwako wewe, si kwa dereva. Kichwa cha kukatia kikiwa kimeinuliwa, shusha kile chuma cha kuzuia silinda ya haidroliki kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Kichwa hicho kina uzito wa zaidi ya tani moja kwenye mashine nyingi, na silinda ya zamani haitoi taarifa kabla ya kushuka.

Anza na dramu. Lipo nyuma ya koo, yaani ule mdomo wenye cheni unaopandisha mazao kutoka kwenye kichwa, na mashine nyingi zina kidirisha mbele au ubavuni cha kulifikia. Dramu la ngano na shayiri lina vyuma vya kupuria, kwa kawaida sita au vinane, vyenye meno ya mshazari. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa fundi kwenye mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, yale yaliyoanzishwa Hanang kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970. Siku ya kwanza aliponipeleka kukagua mashine alinizuia mkono nikiwa natoa tochi.

"Fumba macho kwanza."

"Nifumbe, mzee?"

"Fumba, mwanangu. Jicho linaona rangi. Pitisha ukucha."

Nikapitisha ukucha juu ya chuma cha kwanza, kutoka ncha hadi ncha. Pembeni ukucha ulikwaruza, meno yakiushika mmoja mmoja kama tupa mpya. Kadiri nilivyokwenda katikati ulianza kuteleza, na katikati kabisa ulipita kama juu ya mpini wa kijiko. Akanifanya nizungushe dramu kwa mkono na kurudia kwa vyuma vyote vinane. Vyote vilikuwa vilevile, isipokuwa viwili vilivyokuwa vikali kutoka mwanzo hadi mwisho. Vilikuwa jirani. Hapo ndipo aliponieleza tatizo.

Vyuma hivi hupangwa kwa kupishana, kimoja meno yake yanaelekea kushoto, kinachofuata kulia, ili mazao yasisukumwe upande mmoja. Na vinapobadilishwa hubadilishwa kwa jozi zinazotazamana, huku na ng'ambo ya pili ya dramu, ili uzito ulingane. Dramu la kuvunia ngano huzunguka mara 800 hadi 1,100 hivi kwa dakika. Gramu mia kadhaa zikizidi upande mmoja kwa mwendo huo, linapiga beringi zake kama nyundo mchana kutwa. Yule aliyeweka vyuma viwili vipya jirani alikuwa ameokoa fedha ya vyuma na ameharibu beringi, na huenda na mhimili wenyewe. Hatukuinunua.

Chini ya dramu kuna konkevu, kapu la chuma lililopinda kufuata umbo la dramu, lenye nondo za kukingama na waya zinazopita katikati yake. Nafaka hupurwa kati ya vyuma vya dramu na nondo hizi, kisha huanguka kupitia matundu. Gusa ukingo wa mbele wa kila nondo. Ukiwa na pembe kali, kapu bado lina kazi. Ukiwa mviringo kama kidole, mkulima atalazimika kulibana kapu karibu zaidi na dramu na kuongeza mwendo ili masuke yapukutike, na hapo nafaka zitavunjika. Kwa ngano ya unga hasara hiyo unaweza kuivumilia kidogo. Kwa shayiri ya kiwanda cha bia huwezi kabisa, maana punje iliyopasuka haioti, na shayiri isiyoota haifai kwa kimea. Mzigo wako unarudishwa getini.

Kisha laza rula juu ya kapu kutoka kushoto kwenda kulia. Mazao mengi hupita katikati, kwa hiyo katikati ndiko kunakolika kwanza, na utaona mwanga chini ya rula. Ukiona bonde la ghafla mahali pamoja, hapo lilipita jiwe. Fungua mtego wa mawe ulio mbele ya dramu. Ukiukuta umejaa udongo mgumu kama tofali, ujue haujafunguliwa misimu mingi na mawe yamekuwa yakiruka moja kwa moja kwenye dramu. Mwisho pima nafasi kati ya dramu na kapu, kushoto na kulia. Ziwe sawa. Mbele kuwa pana kuliko nyuma ni kawaida, ndivyo zilivyoundwa. Kushoto kutofautiana na kulia maana yake kapu limepinda au marekebisho yake yamekwama.

Nimekaa sana kwenye dramu kwa sababu vyuma vyake na kapu lake ndiyo gharama kubwa utakayokutana nayo mwaka wa kwanza. Ukikuta vyote viwili vimekwisha, hiyo haina maana uondoke. Ina maana uulize bei ya seti mpya, jumlisha usafiri, kisha toa kwenye bei ya muuzaji.

Nyuma ya dramu kuna vitikisio, yale mabao marefu ya bati yenye ngazi ngazi yanayopokezana kwenda juu na chini na kuyatoa mabua nje huku yakidondosha nafaka zilizobaki. Ingia kwa nyuma ya mashine, ulale juu yake ikiwa mwili wako unapita. Shika kila kitikisio, kitikise kwa nguvu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kwenye mashine nyingi za zamani hubebwa na vipande vya mti mgumu uliolowekwa mafuta, na vipande hivi vikilika kitikisio kinagonga. Ni rahisi, na seremala mzuri mwenye mti mzuri anaweza kuvichonga. Usichotaka kuona ni ufa kwenye bati karibu na mahali kinapofungiwa, au kitikisio kilichochomelewa juu ya kilipochomelewa.

Chini yake kuna bao la kupokea nafaka na machekeche mawili, la juu na la chini. Hapa adui ni kutu na panya. Kombaini hufanya kazi wiki chache na kulala miezi mingi. Ikilala na nafaka ndani, panya wanahamia. Mkojo wao unatoboa bati kuliko mvua, na meno yao yanamaliza waya za umeme. Nusa. Harufu ya panya ikikupokea, piga tochi kila kona ya bao na ubonyeze bati kwa bisibisi. Likiingia kama biskuti, nafaka yako itakuwa ikimwagika chini kabla hata ya kufika kwenye chekeche, na hutajua kwa sababu ukivuna unatazama mbele. Vuta mkono wa kufungulia machekeche: majani yake yote yafunguke na kufunga kwa pamoja. Feni ya kupepetea izunguke bila kugusa ganda lake.

Fungua vidirisha vya chini vya eleveta zote mbili, ya nafaka safi na ya marudio. Vidirisha hivi viko pale kwa ajili ya kusafisha, na muuzaji asiyekubali vifunguliwe amekwisha kukujibu. Tazama vile vibao vya mpira vinavyobeba nafaka. Vikiwa vimelika pembe, nafaka huteleza na kurudi chini. Parafujo zinazosukuma nafaka, ambazo mafundi huziita oga, zipapase kwa uangalifu na kitambaa mkononi. Ukingo wa parafujo nzima ni butu na mnene. Iliyolika hukonda mpaka ikawa wembe, nami nina kovu kwenye kidole cha shahada la siku niliyolisahau hilo. Parafujo ya ndani ya bomba la kumwagia nafaka huchakaa zaidi kwenye kona ya chini, na bomba lenyewe hutoboka chini yake. Pitisha kiganja upande wa chini wa bomba zima.

Beringi na mikanda ni somo la peke yake, na mkulima akilijua anaokoa safari nyingi. Kombaini ina beringi kwa makumi. Nyingi ni za kawaida kabisa, zinazopatikana Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, mradi ujue namba. Namba imegongwa ubavuni mwa beringi yenyewe: 6205, 6206, UC208. Chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, utapata upana wa tundu kwa milimita: 05 ni milimita 25, 06 ni 30, 08 ni 40. Kanuni hii inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Andika kila namba unayoweza kuisoma wakati wa ukaguzi, kwa sababu mwezi wa saba, mashine imesimama katikati ya ekari 60, simu moja yenye namba sahihi inaleta beringi kwa basi la jioni. Simu ya "ile ya upande wa kushoto karibu na feni" haimletei mtu kitu.

Mikanda vivyo hivyo. Ile ya kawaida yenye herufi B ina upana wa milimita 17, ya C milimita 22, na inauzwa kwa urefu wake dukani. Lakini mkanda mpana wa kubadilishia mwendo wa dramu, na ule wa kubadilishia mwendo wa magurudumu kwenye mashine zenye klachi na gia, ni wa mashine hiyo peke yake. Ukunje kwa vidole uone kama una nyufa ndani. Kama umechoka, muulize muuzaji anaununua wapi na kwa siku ngapi unafika. Jibu lake linakupa picha ya maisha yako yajayo.

Kichwa cha kukatia kinaonekana kwa urahisi, kwa hiyo sitakawia. Visu vikatavyo ni vya kununua kwa kipande; usiache mashine nzuri kwa ajili ya visu butu. Angalia kama ulalo wa vidole vinavyoongoza visu umenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, ukisimama pembeni na kufumba jicho moja. Tikisa boksi linaloendesha visu. Likicheza sana mkononi, litakufa shambani. Na upime upana wa kichwa dhidi ya mageti na madaraja ya kwenu. Kichwa cha futi 14 kisichoondolewa haraka na kuwekwa kwenye kitoroli chake ni mzigo kila unapohama shamba.

Sasa iwashe. Kabla ya hapo chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Fungua rejeta ikiwa bado baridi, uone kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Mwambie dereva awashe bila dawa ya kupuliza na bila kuvutwa. Moshi mweusi kidogo mwanzoni si neno. Wa buluu usiokoma ni oili inayoungua; mweupe unaong'ang'ania hata injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua vizuri au maji. Injini ikinguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ikipumua taratibu, sawa. Ikikutupia moshi usoni kwa mapigo kama mtu anayekohoa, ringi zimechoka, ndiyo ile yetu.

Acha ipate moto kamili, kisha washa dramu na mfumo wote, mwendo wa kazi, kwa nusu saa nzima. Muuzaji atachoka kabla yako, endelea. Kila mtu asimame mbali na mikanda. Sikiliza kwanza kwa miguu: simama kwenye jukwaa la dereva, na mtikisiko wa dramu lisilolingana utaupata magotini. Baada ya nusu saa zima kila kitu, toa ufunguo, subiri dramu lisimame kabisa, maana huchukua muda mrefu, ndipo upite ukigusa nyumba ya kila beringi kwa mgongo wa mkono. Ya uvuguvugu ni nzima. Inayokufanya uondoe mkono inakaribia kufa; itie chaki na uiandike.

Kwenye mwendo kuna aina mbili. Mashine yenye klachi na gia ukiijua trekta utaielewa. Ile inayoendeshwa kwa pampu na mota ya haidroliki ni tamu kwa dereva, lakini pampu ikichoka gharama yake inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe kwenye kombaini kuukuu. Huwezi kuijua ikiwa baridi. Ipeleke kwenye mwinuko baada ya ile nusu saa, oili ikiwa moto, uisimamishe katikati ya kilima na uiondoe tena. Ikisitasita au ikilia na kulegea, pampu inavuja kwa ndani. Angalia pia kama breki zinaishika hapo kilimani. Nyuma, inua ekseli kwa jeki na utikise magurudumu yanayopinda. Ekseli hiyo hubeba uzito na hupigwa na mitaro, na watu huisahau. Tairi za mbele zina bei ya kushtua, kwa hiyo nyufa ubavuni zihesabu kama fedha taslimu.

Moto umeunguza kombaini nyingi. Makapi makavu hujikusanya juu ya ekzosi na kuzunguka injini, waya moja iliyomenywa na panya inatosha. Tafuta rangi iliyobabuka na waya zilizounganishwa kwa nailoni, na usiondoke na mashine bila kizima moto.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni shambani, kama msimu unaruhusu. Mwombe muuzaji avune mistari michache, kikata mabua kikiwa kimezimwa ili mabua yaanguke kwa mstari nyuma ya mashine. Simamisha, inua mabua, na uhesabu punje zilizoko kwenye mraba wa mita moja ya mstari huo. Kwanza toa zile zilizokuwa zimeanguka kabla ya mashine kupita; zihesabu mbele yake kwenye ngano iliyosimama. Punje 1,000 za ngano zina uzito wa karibu gramu 40. Kwa hiyo punje 100 kila mita ya mraba ni kilo 40 kwa hekta, karibu kilo 16 kwa ekari. Ila kumbuka mstari wa mabua umekusanya hasara ya upana wote wa kichwa. Kichwa cha mita 4.2 na mstari wa mita 1.4, gawa hesabu yako kwa tatu: punje 300 kwenye mstari ni 100 shambani. Baada ya hapo chota kiganja kutoka tangini utazame zilizovunjika. Ukipata nafaka safi na hasara ndogo kwa mwendo wa kawaida, mengine yote tuliyoyaona yanapungua uzito. Ukikosa msimu, ilishe marobota machache ya majani makavu uone kama yanapita bila kuziba.

Wenzetu wa Mbarali na Mwea wanaovuna mpunga wana la ziada. Dramu la mpunga kwa kawaida ni la meno ya kusimama, na shamba la matope linataka minyororo badala ya tairi. Kombaini ya ngano yenye matairi inayouzwa rahisi Narok haitakuwa rahisi ikizama Usangu.

Namba ya chesi iliyogongwa kwenye fremu ilingane na karatasi. Kama iliingizwa nchini na muuzaji, taka nyaraka za forodha. Kama ilinunuliwa kwa mkopo, taka barua ya benki kwamba deni limekwisha. Katiba ya kikundi iseme nani ataiendesha na nani atatunza daftari la matengenezo kabla fedha haijatoka, kwa sababu nimeona mashine nzima ikioza juu ya magogo watu wakibishana zamu.

Ukikaa na muuzaji kupatana, weka daftari mezani. Muuzaji mmoja, mzee wa upole sana, alinipokea hivi baada ya saa tano za kutambaa chini ya mashine yake:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeona yote?"

Nikamsomea: vyuma vinane vya dramu, kapu, mkanda mpana, beringi mbili moto, bati la bao la nafaka kona ya kulia. Akauliza bei ya kila kimoja, nami nilikuwa nimekwisha kupiga simu. Alinyamaza, akampeleka kijana wake stoo. Kijana akarudi na seti ya vyuma vinne vipya ndani ya karatasi ya mafuta, kitabu cha mashine chenye kurasa zote, na mkanda mpana ambao haujawahi kufungwa. "Hivi nilivinunua nikitaka kuvuna mwaka mmoja zaidi," alisema. "Magoti yamekataa." Tulipunguza bei kwa vilivyobaki. Kombaini ile ilipakiwa kwenye lobedi siku ya tatu, kichwa kikiwa kimefunguliwa na kufungwa kwa minyororo pembeni, na vyuma vile vinne nilivifunga jozi kwa jozi, vikitazamana, kabla ya kukata suke la kwanza.